Vyungu vya Uwanjani kwa Mbah Paikem

Sukodadi, Lampung
2 Septemba 2013

Wening,

Una wazimu au umerogwa? Nani amekutuma uukatae uwanja wangu? Niliutoa mwenyewe. Niliandika jina langu kwa mkono wangu kwenye karatasi ya kamati, herufi sita, P-a-i-k-e-m, sikuweka dole gumba kama wale wazee wengine waliochovya kidole kwenye wino mpaka wakachafua meza ya watu. Nimetoa hatua mbili za uwanja, kuanzia ukutani mpaka kisimani, ili basi lipate pa kusimama. Kisha nafika huku Sumatra kwa mjomba wako, sijazoea hata maji yao, naambiwa mjukuu wangu mwenyewe ndiye aliyesimama mbele za watu akasema kituo kisijengwe!

Habari kaileta Sarwo, yule wa lori la vitunguu. Aliisema kwa sauti mpaka kuku wakatawanyika. "Mbah, mjukuu wako kaigomea kamati nzima. Kasimama na kofia yake ya ukindu kama anatetea nchi." Mjomba wako na mkewe wakacheka. Mimi sikucheka.

Nilikuacha kwenye nyumba ile uitunze, si uitawale. Na hiyo kamati yenyewe ya mabasi hawakulipi. Nimeuliza wanakupa nini, nikaambiwa chai na ndizi za kukaanga. Msomi wa chuo kikuu, miaka thelathini na miwili, mchana kutwa unafukua vigae vya wafalme waliokufa, jioni unakwenda kupanga mabasi bure. Mume huna. Nafasi ya kumtafuta huna. Nafasi ya kumzuia bibi yako asitoe ardhi yake unayo.

Usinipigie simu. Mjomba wako kaninunulia moja, nimeitia kwenye kopo la mchele. Simu ni ya watu wanaotaka kugombana. Andika. Nilijifunza kusoma nina mvi, nimebanana kwenye dawati la watoto, nikichekwa. Sasa nataka kuzitumia herufi zangu.

Nieleze, na usinizungushe.

Bibi yako,
Paikem

*

Mtaa wa Sawo, Karangsemi
10 Septemba 2013

Kwako Mbah,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na miguu imeacha kuuma. Nyumba iko salama. Mpapai wa nyuma umezaa, majirani wanakusalimu, Yu Ginah anasema tempe yake ya soya haina ladha tangu uondoke kwa kuwa hakuna wa kumtukana anapozidisha maji.

Kuhusu kituo. Mbah, usidhani nimekudharau. Kamati iliniomba nijiunge kwa sababu njia ya mabasi mapya, kutoka sokoni hadi hospitali ya mkoa, inapita juu ya mji wa zamani, na kila mahali pa kuchimba lazima aangalie mtu wa kazi yangu. Tulipojaribu kuchimba uwanjani kwako tulikuta matofali ya kale. Kwa kanuni zetu, pakionekana kitu cha namna hiyo, ujenzi husimama na njia mbadala hutafutwa.

Njia mbadala ipo. Basi litapita Barabara ya Mfereji, ambayo ni pana, na kituo kitajengwa pale darajani. Ni mita mia saba tu kutoka mtaani kwetu, mwendo wa dakika kumi. Mwenyekiti wetu, Bwana Kuncoro, amefurahi maana kazi itakuwa rahisi. Ramani itatiwa saini tarehe 24 Oktoba.

Nimepiga simu mara tano. Mara nne haikupokelewa. Mara ya tano nilisikia sauti yako ikisema "ee, ee", mimi naongea, wewe "ee, ee", kisha ukakata. Umenikasirikia kiasi hicho? Mjomba anasema una shughuli na kuku.

Nimempa Sarwo sukari ya mnazi akuletee. Usiigawe yote.

Mjukuu wako,
Wening

*

Sukodadi
17 Septemba 2013

Wening,

Sukari imefika. Maneno yako pia yamefika, na yamezidi sukari kwa wingi.

Matofali gani ya kale? Uwanja ule niliuchimba mimi na babu yako mwaka wa sitini na moja. Matofali yaliyomo ni ya tanuri la jirani yetu, baba yake Darmo, yaliyoungua vibaya, alitupatia tukajazie shimo. Ukiyaita ya kale, basi na mimi nitie kwenye kabati la vioo la makumbusho.

Unadanganya kama babu yako, kwa maneno mengi na heshima nyingi. Mtu akisema kweli husema kidogo.

Mficha uchi hazai. Sema ulichokiona.

Paikem

*

Mtaa wa Sawo
26 Septemba 2013

Mbah,

Nisamehe. Hakuna matofali ya kale.

Siku ile vibarua walianza mapema, mimi niko ndani natafuta daftari. Nikasikia jembe limegonga. Mlio ule naujua, ndio kazi yangu: chungu kinapasuka. Nikapiga kelele, "Acha! Acha!" nikarukia shimoni na kandambili. Nilitarajia kitu cha enzi za wafalme. Nikaona chungu kidogo cha sokoni, na ndani yake sindano yenye kutu, kipande cha penseli, vile vitu vya kumwombea mtoto ufundi na usomi, na udongo mweusi kuliko wa pembeni. Nikajua papo hapo. Mjava gani asiyejua? Aliyeshika jembe, Kang Mitro, akavua kofia. "Astaghfirullah, bibie," akasema, "nimempiga mdogo wake mtu." Akakataa kushika jembe tena siku ile. Akaketi ukutani anatetemeka, mtu mzima yule, kwa kuwa kwetu kondo la nyuma ni mdogo wa mtoto, huja nyuma yake, na hakuna mama aliyewahi kulizika ili lije kupigwa jembe.

Niliwaruhusu waende. Nikabaki peke yangu na brashi. Mbah, vipo thelathini na saba. Mistari miwili, mmoja ukutani, mmoja upande wa kisima. Vyote vimefunikwa kwa jani la mgomba lililobaki nyuzi tu, na juu yake kigae kilichogeuzwa, kama unavyofunika wali. Nikaujua mkono wako.

Sijui kwa nini vyote viko kwako, maana kila mtu huzika kwake. Nilichofikiri ni kwamba ulipotoa uwanja ulikuwa umesahau. Nikafikiri, siku basi la kwanza litakapopita juu yao, Mbah atakumbuka, na itakuwa nimechelewa. Kwa hiyo nikavifukia vizuri, nikaenda kwenye kamati, nikatamka neno "matofali". Nimewadanganya watu kumi na mmoja kwa jina la taaluma yangu. Nilikubali waniite mjinga, hata mwongo, ila wewe usiumie.

Sikutaka ujue kwamba kimoja kimepasuka. Sasa unajua.

Wening

*

Sukodadi
4 Oktoba 2013

Wening, mwanangu,

Nimesahau? Mimi nisahau? Nilipokuwa naandika zile herufi sita nilikuwa navihesabu kichwani. Nilijua basi litasimama juu yao. Ndiyo maana nilitaka lisimame pale.

Ni vya wapangaji. Zamani kiwanda cha sigara kilipokuwa bado kinasokota kwa mkono, wanawake walipanga nyuma ya mtaa, wanne chumba kimoja. Mwenye nyumba hakuwaruhusu kuchimba hata tundu la kumwagia maji. Mtoto akizaliwa, kondo lizikwe wapi? Wengine walilitupa mtoni kwa siri, wakaja kulia kwangu. Nikasema leteni hapa, ardhi yangu haiulizi mtu katoka kijiji gani. Nilikuwa mkunga wao, nikawa na makaburi ya wadogo zao.

Sasa keti. Usisome umesimama.

Nilikuambia mama yako alikufa kwa homa. Hakufa kwa homa. Warsiti alikuzaa vizuri, kabla ya adhana ya alfajiri, ukalia mpaka majirani wakafungua madirisha. Kisha damu ikaja na haikukoma. Mimi nilikuwa nimezalisha wanawake zaidi ya mia mbili. Nilimkanda, nikamnywesha manjano na ukwaju, nikamfunga tumbo. Baba yako akasema, "Mama, tumpeleke hospitali." Nikamjibu, "Nyamaza wewe. Damu mbaya kuliko hii nimeizuia." Nilisema hivyo kwa mdomo huu ninaolia wali.

Nilipokubali, mtaani hapakuwa na hata baiskeli ya matairi matatu. Wanaume wanne walimbeba juu ya kitanda cha mianzi hadi Barabara ya Mfereji, wakasubiri lori la mboga. Wewe unaniandikia "mita mia saba tu". Mimi nilizitembea nimemshika mkono. Pale darajani mkono ukabadilika. Lori likaja baadaye. Dereva alikuwa mtu mwema, akaturudisha nyumbani polepole, kama vile kuna haja ya polepole.

Asubuhi nilizika chungu chako kushoto kwa mlango. Alasiri tukamzika mama yako. Usiku nikawasha taa juu ya chungu chako, nikalala pembeni yake siku zote thelathini na tano za desturi, baba yako akidhani nalinda kondo lisifukuliwe na mbwa. Tangu hapo sikumzalisha mtu peke yangu. Kila aliyekuja nilimpeleka kwa nesi, wakasema Paikem amezeeka, amekuwa mwoga. Niliwaacha waseme.

Na wewe, kwa kunihurumia, unataka watu wa mtaa wangu wakasubiri basi pale pale darajani. Huruma ya namna hiyo niondolee.

Hili nalo nilimalize leo: simu siitaki kwa sababu sisikii. Sikio la kulia lilikufa mwaka jana, la kushoto linajiandaa. Sikukasirika. Nilikuwa nasema "ee, ee" kwa adabu, sikujua hata kama ni wewe au ni wale wanaouza bima. Mjomba wako nilimkataza kukuambia. Usimgombeze, anaogopa fimbo mpaka leo.

Majina yote thelathini na saba nimeyaandika karatasi ya pili, kwa mistari. Nimekesha siku tatu, mkono umevimba. Cha tano upande wa ukuta ni cha Kuncoro, mwenyekiti wako. Mama yake alisokota sigara miaka kumi na minne, na alikuwa na kikohozi kama mbuzi. Kilichopasuka, kama ni kile cha kona karibu na kisima, ni cha Mitro mwenyewe. Mwambie aache kutetemeka, kampiga mdogo wake, si wa mtu. Ndugu hupigana.

Nilidhani jembe halitafika chini kiasi hicho, kumbe limefika. Waite. Walio hai waje wachukue wa kwao kwa mikono yao. Pika uji mwekundu na mweupe kama unavyopikwa mtoto akipewa jina. Wasiokuja, wahamishie nyuma ya jikoni, na uwataje majina unapowafukia. Uwanja ukiwa mtupu, nenda kwenye hiyo kamati ukaseme kweli.

Kama baada ya barua hii hunitaki tena, bado fanya hayo kwanza.

Paikem

*

Mtaa wa Sawo
25 Oktoba 2013

Mbah wangu,

Barua yako niliisoma jikoni, kisha nikaisoma tena nimeketi ukingoni mwa kisima. Sikukuandikia mapema kwa kuwa kila nilipoanza niliona maneno mengi na heshima nyingi, nikachana. Nimebaki na neno moja, na nimeliandika kwa ukubwa ili ulisome bila miwani:

SIKULAUMU.

Ulikuwa peke yako na wanawake mia mbili. Na mimi umenilea miaka thelathini na miwili ukiwa na siku ile kifuani. Sasa tuibebe wawili.

Nilikwenda kwenye kamati. Nikasimama.

"Bwana mwenyekiti, mabwana na mabibi, nilidanganya. Hakuna matofali."

Bwana Kuncoro akaweka miwani mezani. "Unatuchezea, bibie? Wiki sita tunachora Barabara ya Mfereji kwa neno lako! Kama si matofali, kuna nini pale? Dhahabu?"

"Kuna vyungu vya kondo, Bwana. Thelathini na saba."

"Vya nani?"

"Cha tano ni chako."

Akashika kikombe chake cha chai, hakunywa, akakirudisha. "Mama aliniambia kilitupwa mtoni," akasema. "Mpaka anakufa alikuwa akiniomba radhi kwa hilo." Sijui, Mbah. Labda aliona aibu kusema kwamba alizika kwa mtu.

Walikuja kumi na wanane. Nilikuwa nimechora kila chungu mahali pake na kukipa namba, kama tunavyofanya kwenye makaburi ya wakubwa, nikasoma majina kutoka kwenye karatasi yako. Mwandiko wako umepinda lakini hakuna hata jina moja ulilokosea. Yu Ginah alipika uji, akautia maji mengi. Bwana Kuncoro alikuja na shati lake la batiki lililopigwa pasi, akakibeba chungu kama anabeba yai. "Naweza kuangalia ndani?" akaniuliza kwa sauti ndogo. Ndani kulikuwa na kifungo cha shaba, cha koti la karani. Mama yake ndiye aliyekitia, sivyo? Alikigeuzageuza, kisha akasema, "Lo, na kweli nimekuwa karani." Hapo ndipo alipolia, na sisi wote tukageuka tukatazama mpapai.

Kang Mitro alikusanya vipande vyake kwenye kitambaa cheupe. "Muuaji wa nduguye huyo anapita!" Yu Ginah akamtania, watu wakacheka, na yeye akacheka mara ya kwanza tangu siku ile. Ameapa kukiunganisha kwa gundi. Nimempa yangu ya kazini.

Kumi na tisa hawakupatikana. Nimewahamishia nyuma ya jikoni na nimewataja mmoja mmoja. Changu sikukigusa. Hakiko njiani.

Jana ramani imetiwa saini. Kituo kitajengwa Mtaa wa Sawo, uwanjani kwako. Kilichobaki ni ratiba, ambayo itapigwa muhuri tarehe 11 Novemba: basi la kwanza saa kumi na mbili asubuhi, la mwisho saa mbili usiku. Umefurahi?

Nimeuliza habari za vifaa vya masikio. Vipo. Usinijibu kwamba huvitaki.

Wako,
Wening

*

Sukodadi
2 Novemba 2013

Nduk, mwanangu,

Lile neno kubwa nimelikata kwa mkasi nikaliweka pangu. Usiulize wapi. Mjomba wako aliniona nalikata, akadhani naharibu barua, tukagombana bure kwa sauti ambayo mimi sikuisikia.

Kifungo ndiyo, alikitia mama yake. Alikikata kwenye koti la msimamizi wa kiwanda, na msimamizi akakitafuta wiki nzima chini ya meza. Mwambie Kuncoro. Hilo nalo mama yake angetaka alijue.

Wale kumi na tisa umefanya vizuri kuwataja. Ginah mwambie uji haupikwi kwa maji ya kuogea.

Lakini ninyi kamati mnafikiri kwa kutumia nini? Basi la kwanza saa kumi na mbili asubuhi! Hilo ni basi la makarani na watoto wa shule, watu ambao wakichelewa hupigiwa kelele tu. Muulize mkunga yeyote. Watoto hupenda kuja kuanzia saa tisa usiku mpaka alfajiri, wakati jua halijui kama litatoka. Mama yako hakungoja saa kumi na mbili. Nimetoa uwanja, nimewatoa wadogo wa watu kwenye usingizi wao, nimetoa na aibu yangu nikaiandika kwa wino. Sikuyatoa hayo ili Kuncoro apate kwenda ofisini amekaa.

Watakuambia, "Nani atapanda basi ana uchungu?" Waambie mwenye gari hatapanda. Asiye nalo atapanda, na dada yake atapanda kwenda kumwita nesi, na mama yake atapanda na shuka safi kikapuni. Watakuambia dereva atalala saa ngapi. Waambie madereva wawili. Watakuambia basi litapita tupu siku nyingi. Waambie lipite tupu. Barabara ya Mfereji nayo ilikuwa tupu.

Masikio yatangoja. Kwanza nenda kesho nyumbani kwa Kuncoro, usisubiri mkutano, nenda kabla hawajapiga muhuri. Mwambie basi la kwanza lipite Mtaa wa Sawo saa kumi alfajiri, kila siku, hata sikukuu. Akicheka, mwache amalize kucheka, kisha useme tena.

Bibi yako,
Paikem